Binti yangu ameacha klabu ya kompyuta: nimsukume au nimwache?

BARUA

Mshauri wetu, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge na madera Ngamiani, hapa Tanga. Shida yangu ni binti yangu wa kwanza. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa ya mchanganyiko. Novemba anafanya mtihani wa taifa, na Januari akiingia cha tatu anatakiwa awe ameshachagua mchepuo. Ndiyo maana nimeona nisiendelee kukaa na jambo hili moyoni.

Alipoanza kidato cha kwanza alijiunga na klabu ya kompyuta ya shuleni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia habari za Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mpaka chakula kinapoa mezani. Elimu yangu ni darasa la saba, nusu ya aliyokuwa akiyasema sikuyaelewa, lakini furaha yake nilikuwa naiona.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Tunakutana kila Jumamosi alasiri: kuna kununua hisa, kuna marejesho ya mikopo, kuna mfuko wa jamii, kuna faini za wachelewaji. Wenzangu wakishaondoka nilikuwa nabaki na daftari na kikokotoo hadi usiku, na bado Jumamosi inayofuata mtu ananiuliza, "Mweka hazina, mbona deni langu halipungui?" Binti yangu akakaa kando yangu, akaniuliza riba tunaipigaje, faini inaanza lini, mtu akirejesha pungufu inakuwaje. Baadaye akaniletea programu aliyoiandika mwenyewe. Ukiifungua inakuuliza kwa Kiswahili, "Jina la mwanachama?" Unaandika. "Leo amerejesha kiasi gani?" Unaandika. Inakupa salio. Aliyemaliza deni inamwandikia, "Hongera, hudaiwi."

Mara ya kwanza niliandika 50,000 kama tunavyoandika sote. Ikagoma, ikajaza maandishi mekundu. Nikadhani nimeiharibu. Yeye akacheka sana, akasema, "Mama, mashine haiutambui huo mkato, inaona hiyo si namba." Akaongeza mstari mmoja wa kuondoa mikato, ikakubali. Siku zile wanakikoba wenzangu walikuwa wakimwita "mhasibu wetu".

Nikachukua mkopo wa shilingi 400,000 kikobani, nikamnunulia laptopu iliyotumika. Bado naulipa, na huwa namkumbusha kwamba ile mashine ni deni, ili aithamini.

Sasa tangu shule zifunguliwe Julai haendi tena klabu. Nikimuuliza anasema, "Inachosha tu, mama." Nikizidi kumbana anasema, "Yale ni mambo ya kina kaka." Laptopu iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa, ikishushwa ni kwa ajili ya tamthilia. Programu ya kikoba bado naitumia, ila tulibadilisha kiwango cha faini, nikamwomba airekebishe, akasema kesho. Hiyo kesho haijafika.

Baba yake ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Yeye tangu zamani anataka mtoto asome uuguzi. Anasema muuguzi hakosi kazi, na kwamba mtoto amejitoa mwenyewe, sasa mimi ninamng'ang'aniza nini. Wifi yangu anayekaa nasi anasema afadhali ameacha, maana mtoto wa kike na mitandao usiku huwezi kujua anaongea na nani. Nilikwenda kwa mwalimu mlezi wa klabu. Aliniambia binti yangu ni mzuri sana kwa msichana, lakini mashine ni chache, wanakaa watano watano kwenye kompyuta moja, na wavulana ndio wenye moto.

Mimi nilipomaliza la saba hakuna aliyeniuliza nataka nini. Sitaki kumfanyia mwanangu hivyo. Lakini pia sitaki kesho aniambie, "Mama, uliniona naacha ukanyamaza." Nimsukume au nimwache?

Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Dada yangu wa Ngamiani, ahsante kwa kuniandikia. Pale aliposema mashine haiutambui mkato nimepasoma zaidi ya mara moja. Mtoto aliyeona mama yake amekwama kwa sababu ya alama moja ndogo, akacheka, akajua tatizo liko wapi na akalitengeneza papo hapo, alikuwa anaifanya kazi yenyewe ya mwandishi wa programu. Watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, sehemu kubwa ya siku yao ndiyo hiyo.

Swali lako ni kusukuma au kuacha. Mimi humo ndani nasikia maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni la mchepuo, nalo lina tarehe. La pili ni hili: binti yako kimemkuta nini hata akaacha kitu alichokuwa akikipenda? Hili halina tarehe, na ninaogopa haraka ya lile la kwanza isije ikalimeza.

Tuanze na hili la pili. Umenieleza vizuri sana anachosema baba yake, anachosema wifi yako, anachosema mwalimu. Maneno ya binti yako mwenyewe ni sentensi mbili tu, na ukizitazama hazifanani. "Inachosha" ni neno la mtu aliyechoka. "Mambo ya kina kaka" ni neno ambalo mtoto huambiwa au huonyeshwa. Alipokaa kando yako kupiga hesabu za riba halikuwa jambo la kina kaka. Lilikuwa jambo lake na lako, na la wanawake wote wa kikoba. Kwa hiyo ningependa kujua alionyeshwa nini kule klabu.

Mwalimu amekupa fununu bila kukusudia. Watano kwenye kompyuta moja maana yake mmoja anashika kibodi na wanne wanatazama. Nani anashika? Katika madarasa mengi yenye mashine chache, anayeshika ni yule asiyeona haya kumsogeza mwenzake, na wasichana huishia kuambiwa waandike maelezo daftarini kwa sababu "mwandiko wao mzuri". Ukitazama mkono wa mwenzio ukibonyeza juma baada ya juma, kweli inachosha. Na hilo neno "mzuri sana kwa msichana", mwalimu alilisema kwa nia njema, naamini. Ila kama binti yako naye huwa analisikia, ajue vipi kwamba amesifiwa?

Nikuombe basi ubadilishe swali. "Kwa nini umeacha?" kwa masikio ya mtoto wa miaka 15 ni swali la polisi. Jaribu "Mkikaa watano, nani huwa anashika kibodi?" halafu umwache azungumze, hata akianzia mbali.

Kuna jambo zito zaidi, na nalisema kwa uangalifu kwa sababu hakuna kitu katika barua yako kinachonionyesha kwamba limetokea. Msichana anapoacha ghafla kwenda mahali alipokuwa akipapenda, mzazi aache mlango wazi kwa uwezekano kwamba kuna mtu pale, mkubwa au mwanafunzi mwenzake, aliyemwambia au kumfanyia jambo baya, au kwamba njia ya kurudi jioni baada ya klabu imekuwa na watu wa kumsumbua. Usimtilie maneno mdomoni. Mwambie tu kwamba lolote lililomkuta, kwako halitakuwa kosa lake. Ikitokea akakwambia ndivyo ilivyo, habari ya kompyuta iwekwe kando kabisa. Nenda kwa mkuu wa shule, au dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inapigwa bure.

Inawezekana pia sababu ni nyepesi kuliko hizo, na iko nyumbani. Wewe uko dukani, baba yuko barabarani, na yeye ndiye mkubwa wa watatu. Siku za klabu, jioni nani anapika? Nani anawaogesha wadogo? Nauliza tu, maana mtihani wa Novemba unakaribia na huenda amepima mzigo wake akaona kinachoweza kupunguzwa ni kile kinachompa raha yeye peke yake. Watoto wa kwanza wa kike hufanya hivyo sana na hawasemi.

Halafu kuna zile 400,000. Umejitoa, na kujitoa kwako ni upendo usio na shaka. Lakini jiweke mahali pake. Kila akiifungua ile laptopu anakumbuka kwamba ni deni la mama. Akikosea mstari, amekosea kwenye deni. Na programu huandikwa kwa kukosea: unaandika, inagoma, unasahau nukta pacha mahali, unatafuta, inakubali. Anayeogopa kukosea hawezi kuendelea mbali. Labda kumkumbusha kunamsaidia aithamini kama unavyotaka, na labda kunamfanya aone ni salama zaidi ibaki juu ya kabati. Wewe ndiye unayeuona uso wake.

Sasa hili la "kina kaka". Pengine ungependa uwe na la kumwambia siku likirudi, usije ukabaki na "usijali" peke yake. Mwaka 1946, Marekani ilipoitangaza ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa za kielektroniki, walioipanga ifanye hesabu zake walikuwa wanawake sita. Mwaka 1952 Grace Hopper, mwanamke wa jeshi la majini la nchi hiyo, alitengeneza programu ya kugeuza maagizo ya binadamu kuwa lugha ya mashine, na kazi zilizofuata za aina hiyo ndizo zilizofungua njia ya lugha kama hiyo Python ya binti yako. Hata mwaka 1984, wanawake walikuwa karibu asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya kompyuta Marekani. Ilipofika miaka ya 2010 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 20.

Kilichotokea katikati kinanigusa zaidi, kwa sababu kinafanana na klabu ya mwanao. Kompyuta za nyumbani zilipoingia madukani miaka ile ya themanini, zilitangazwa kama michezo ya wavulana, na katika nyumba nyingi ziliwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume. Watafiti Jane Margolis na Allan Fisher waliwafuatilia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakaona wavulana wengi walifika chuoni wakiwa wameshakaa na mashine miaka mingi. Wasichana waliowakuta huko wakadhani wenzao wamezaliwa na kipaji ambacho wao hawana. Chuo kilibadilisha mambo, kwa mfano kuwapa wanaoanza njia yao ya kuingilia na kuacha kumpima mwombaji kwa uzoefu wa nyuma. Wasichana wa mwaka wa kwanza katika kompyuta wakatoka asilimia 7 mwaka 1995 wakafika asilimia 42 mwaka 2000. Katika miaka mitano! Akili za wasichana hazikubadilika. Kilichobadilika ni chumba walichoingia.

Kwa hiyo "wavulana ndio wenye moto" ningeisoma kwa tahadhari. Huenda wana saa nyingi zaidi za kushika kibodi, na saa hizo, dada yangu, hata nyumbani kwako zipo.

Hapa jirani napo pana mfano. Mwaka 2017 wanafunzi watano wa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kisumu, Kenya, waliunda programu ya simu waliyoiita i-Cut, ya kumwezesha msichana aliye hatarini kukeketwa kuomba msaada. Iliwafikisha California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, tuzo ya haki za binadamu ya Bunge la Ulaya. Ukipenda mtajie, lakini usimtajie kwa namna ya "unaona wenzio". Mfano ukigeuzwa fimbo hauna faida.

Tuje kwenye njia zilizopo. Ukimsukuma, yaani ukamwambia arudi klabu kwa sababu umegharamika, huenda akarudi. Atakaa pale pale nyuma ya wanne wenzake, na safari hii akikuchukulia wewe kuwa ndiye uliyemrudisha. Faida ni kwamba hatasahau alichokwisha kujifunza, na watoto wengine wakisharudi kwenye jambo huwaka tena. Hasara ni kwamba anaweza kuichukia kompyuta yenyewe pamoja na klabu.

Ukimwacha kabisa, unaheshimu kauli yake, na hilo si dogo kwa mama ambaye mwenyewe hakuulizwa. Lakini kuna kumwacha mtoto na kuna kuondoka. Akikuona umenyamaza tu, anaweza kuelewa kwamba nawe umekubali ni mambo ya kina kaka.

Klabu na kompyuta pia si lazima viende pamoja. Wewe una kitu ambacho ile klabu haina: una kazi halisi inayomngoja. Kiwango cha faini kimebadilika na programu inapiga hesabu ya zamani. Unaweza kumwendea kama mweka hazina mwenye shida, ukiwa na daftari lako, ukamwomba akuonyeshe mahali faini ilipoandikwa. Akuonyeshe wewe, hata kama la saba ndilo ulilonalo. Msichana anayemfundisha mama yake huona kwa macho yake ni kiasi gani anajua. Hatari ya njia hii naiona pia: ikawa kazi nyingine juu ya vyombo na kufua. Ndiyo maana ningeona vizuri awe huru kukataa, na ikiwezekana kikoba kimlipe chochote, kama ambavyo mngemlipa fundi yeyote.

Wenzake je? Msichana peke yake kati ya wavulana ana kazi mbili, ya kujifunza na ya kuonekana. Wakiwa watatu hali hubadilika. Muulize mwalimu kama wasichana wanaweza kupewa mashine yao siku moja ya juma, au zamu ya kibodi ikaandikwa ukutani ili kila mtu ajue dakika zake. Ni ombi dogo, halidai fedha. Nje ya shule, Dar es Salaam kuna Apps and Girls, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima, inayofundisha wasichana kuandika programu. Na kila Aprili, Alhamisi ya nne, dunia huadhimisha siku ya wasichana katika TEHAMA. Lakini mtoto aliyetoka kuumizwa na kundi hana haja ya kukimbizwa kwenye jukwaa. Hilo linaweza kungoja.

Kuhusu wifi yako, hofu yake isipuuzwe, kwa sababu watu wabaya mitandaoni wapo. Ila Python ikishawekwa kwenye mashine haihitaji intaneti kufanya kazi. Scratch pia, ile ya kujifunzia kwa kupanga vipande vya rangi, ina toleo la kutumia bila mtandao na ina Kiswahili, hata wadogo zake wangeiweza. Laptopu ikikaa sebuleni, wifi naye anaweza kuketi hapo akaona. Huenda akavutiwa.

Na baba watoto? Usiingie naye kwenye ubishi wa uuguzi dhidi ya kompyuta, kwa sababu kwa sasa ugomvi huo haupo. Stashahada ya uuguzi inataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne. Kwa hiyo mchepuo wa sayansi anaoutaka baba ni huo huo usioufunga mlango wa kompyuta. Hisabati ni ya lazima kwa mchepuo wowote. Na hospitali nyingi za serikali sasa zinaendesha kumbukumbu za wagonjwa kwa mfumo wa kompyuta uitwao GoTHOMIS, kwa hiyo hata muuguzi atakuwa mbele ya kompyuta. Tatizo la kweli liko kwingine: sayansi ni mzigo, na kama matokeo ya Novemba yataonyesha Fizikia na Kemia zinamlemea, kumshikilia huko kwa ajili ya ndoto yako au ya baba yake kunaweza kumgharimu kidato cha nne chote. Akichagua mchepuo mwingine njia haijafungwa pia. Vyuo vingi vya TEHAMA hupokea waliomaliza kidato cha nne kwa ngazi ya cheti, wakapanda taratibu hadi stashahada na kuendelea. Ni njia ndefu zaidi, nayo ina ada zake, lakini ipo.

Kwa hiyo Januari haiamui maisha yake kama unavyohofia. Hilo likikupunguzia haraka, nafasi ya kumsikiliza itakuwa kubwa zaidi.

Sikujibu usukume au uache, kwa sababu sijui kilichotokea kwenye kile chumba cha kompyuta, na nahisi hata wewe hujakijua bado. Likizo ya Desemba mtihani utakuwa umekwisha na kichwa chake kimepumzika. Niandikie tena wakati huo. Safari hiyo mwombe naye aandike aya yake mwenyewe, kwa mkono wake, bila wewe kuisoma kwanza kama akipenda iwe hivyo. Nitazijibu zote mbili.